Namba Mbili za Presha: Kipimo, Chumvi na Kidonge cha Kila Siku

Kiswahili chetu kimeupa ugonjwa wa shinikizo la juu la damu jina linalopotosha: presha. Tunasema presha imepanda, kisha presha imeshuka, kama homa inavyopanda usiku na kushuka asubuhi. Mitaani presha ni wasiwasi pia: mechi ina presha, mwenye nyumba anakupa presha. Ukizichanganya maana hizo unapata imani iliyoenea jiji zima la Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Ilemela, kwamba presha humjia mtu akiudhiwa, hujitangaza kwa kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, hutibiwa siku tatu nne, kisha huondoka. Imani hiyo ina makosa kila upande, na makosa yenyewe hulipwa kwa kiharusi, moyo kuchoka na figo kufa.

Shinikizo la juu la damu ni hali ya kudumu. Damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu iliyozidi, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, na mara nyingi mwenyewe hasikii chochote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa wanaishi nayo, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu mwili hauna kengele ya jambo hili. Kichwa kinaweza kuuma presha ikiwa 118, na mtu akacheka na kula vizuri presha ikiwa 190. Anayesubiri dalili ndipo apime, mara nyingi dalili yake ya kwanza huwa mkono ulioshindwa kushika kikombe.

Namba zenyewe

Maji ya Mwanza hutoka Ziwa Viktoria, husukumwa na pampu hadi kwenye matangi ya milimani, kisha hushuka kwenda majumbani. Nguvu ikiwa ndogo, nyumba za juu ya mawe zinakauka. Ikizidi, viungio vya bomba vinaachia. Moyo nao lazima usukume damu ya kutosha kuufikia ubongo, kwa hiyo presha si adui. Kila aliye hai ana presha, na swali ni kiasi gani.

Namba ya juu ni nguvu iliyomo mishipani moyo unapobana. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea kujaa damu tena. Kipimo ni milimita za zebaki, urithi wa mashine za zamani zilizokuwa na zebaki ndani ya kioo. Chini ya 120 kwa 80 ni nzuri. Kuanzia 140 kwa 90, ikirudi hivyo katika vipimo vya siku mbili tofauti, ni ugonjwa. Namba moja tu inatosha: 152 kwa 84 ni presha ya juu, na 136 kwa 96 pia. Ukipima nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mtu ametulia zaidi.

Mfano wa bomba unafika mwisho wake hapa, maana bomba ni kitu kilichokufa na mshipa ni kitu hai. Ukisukumwa sana, mshipa hujilinda kwa kunenepesha ukuta wake. Ukuta ukinenepa njia inakuwa nyembamba, na njia ikiwa nyembamba presha inazidi. Figo zina mzunguko kama huo: presha huharibu vichujio vyake vidogo, na figo iliyoharibika hushindwa kutoa chumvi na maji, hivyo presha inaongezeka tena. Ndiyo maana presha isiyotibiwa haikai mahali pamoja. Inajilisha yenyewe.

Kwa watu wengi hakuna sababu moja ya kunyooshea kidole. Ni umri, urithi wa ukoo, chumvi, uzito, pombe na kukaa sana, vyote vikichangia. Lakini kijana wa miaka 25 mwenye presha ya 170 anastahili kuchunguzwa zaidi, kuanzia figo. Huku kwetu tusisahau kichocho cha mkojo: kikiachwa miaka mingi kinaweza kuziba njia ya mkojo na kuziumiza figo taratibu.

Kipimo kinavyodanganya

Chukua mama anayeuza samaki Mwaloni, Kirumba. Amebeba beseni, amepanda kutoka ufukweni, na kuna hema la kupima afya bure. Anakaa kwenye stuli isiyo na mgongo, mkono unaning'inia, kitambaa cha mashine kinafungwa juu ya sweta, na huku anajibizana na mteja kuhusu bei ya sato. Mkojo umembana tangu saa mbili. Mashine inasema 164 kwa 98. Anaambiwa ana presha kali, anaondoka na hofu. Huenda ni kweli anayo, lakini kipimo kile hakithibitishi.

Kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza namba ya juu kwa 10 hivi. Kuongea wakati mashine inabana, karibu 10 nyingine. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo, kila sentimita 10 huongeza takriban 8. Miguu iliyopishanishwa huongeza kadhaa, na kitambaa kidogo kwenye mkono mnene huongeza zaidi. Makosa haya huja pamoja, na mtu wa 130 anaweza kupewa kadi ya 160. Anayepanda kwa miguu hadi Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima chake, na kupimwa hata jasho halijakauka, anapimiwa kilima.

Kipimo cha haki kinaanza nusu saa kabla: usivute sigara, usinywe kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu, usibebe mzigo. Nenda msalani. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili ikanyage sakafu, mkono ulazwe juu ya meza usawa wa moyo. Tulia dakika 5, kimya. Funga kitambaa kwenye ngozi tupu, ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko, na kikaze kiasi cha vidole viwili kupita. Kitambaa cha kawaida kinafaa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo, dai kikubwa. Hiyo ni haki yako. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja. Safari ya kwanza ipimwe mikono yote, kisha utumike siku zote ule uliotoa namba kubwa.

Kama unanunua mashine ya nyumbani, chukua ya kufunga juu ya kiwiko, achana na ya kifundo cha mkono. Kabla ya siku ya kliniki pima siku 7, asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni, mara mbili kila zamu. Andika kwenye daftari kila namba, hata ile usiyoipenda. Siku ya kwanza iache, zilizobaki zitafutiwe wastani. Daftari hilo lina thamani kubwa kuliko kipimo kimoja cha asubuhi ya foleni, kwa sababu wapo ambao presha yao huruka wakiona koti jeupe, na wapo ambao hutulia kliniki na kupanda nyumbani.

Chumvi ya sufuria, na ile isiyoonekana

Chumvi huvuta maji. Ukila nyingi, mwili hubakiza maji mishipani ili kuizimua, kiasi cha damu kinaongezeka, na nguvu ya kusukuma inaongezeka. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa vyakula vyote vya siku nzima.

Hakuna anayepima kijiko jikoni, basi pima pakiti. Nyumba ya watu wazima watano inapaswa kutumia chini ya gramu 25 kwa siku. Kwa hesabu hiyo pakiti ya nusu kilo idumu siku 20 au zaidi. Andika tarehe ya kuifungua juu ya pakiti yenyewe kwa kalamu. Ikiisha siku ya 10, mnakula mara mbili ya kiwango, na hapo hatujahesabu mkate, karanga za chumvi, chipsi, wala ule mlima mdogo wa chumvi pembeni ya sahani ya nyama choma.

Ziwa letu limetupa chakula kizuri. Sato mbichi, sangara mbichi, na dagaa walioanikwa juani bila chumvi havina neno. Dagaa waoshe mchanga, waunge kwa nyanya na kitunguu, weka limao mwishoni, na chumvi kidogo itatosha. Wa kuwaangalia ni kayabo, yule sangara aliyepasuliwa na kukaushwa kwa chumvi nyingi. Kama ndiye aliyepo, mkate vipande vidogo, mloweke usiku kucha, badilisha maji mara tatu au nne, mchemshe na umwage maji ya kwanza, kisha usitie chumvi kwenye mchuzi. Hata hapo chumvi haiishi yote, kwa hiyo mgonjwa wa presha asimfanye kitoweo cha kila siku.

Kuna adui wawili wanaopita bila kuulizwa. Wa kwanza ni vidonge na unga wa kuungia mchuzi: sehemu kubwa yake ni chumvi, na mpishi huongeza chumvi ya kawaida juu yake. Chagua kimoja. Wa pili ni magadi. Mlenda, maharage na makande mengi ya Usukumani hupikwa kwa magadi ili vilainike haraka, na kwa kuwa magadi hayana ladha ya chumvi, hakuna anayeyahesabu. Lakini kinachoumiza katika chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu. Maharage yaloweke tangu usiku. Yataiva bila magadi.

Upande mwingine, potasiamu huisaidia figo kutoa sodiamu. Inapatikana kwenye maharage, matembele, mchicha, parachichi, ndizi na viazi vitamu, na michembe na matobolwa ni viazi vitamu pia. Mgonjwa wa figo asiongeze vyakula hivi kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu potasiamu ikimjaa inaweza kuusimamisha moyo.

Mengine kwa ufupi, maana yanajulikana: kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za wiki. Aliye mnene, kila kilo anayopunguza hushusha namba ya juu kwa karibu 1. Pombe ipungue, sigara iachwe kabisa. Kitunguu saumu na juisi ya rozela vinaweza kushusha kidogo. Vinywe ukipenda, lakini havichukui nafasi ya kidonge.

Kidonge

Hapa ndipo matibabu mengi huvunjikia. Mazungumzo haya hutokea kwenye zahanati yoyote siku ya kliniki:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Leo dawa umekunywa?"

"Aa, niliacha toka mwezi wa pili. Mliniambia presha imekaa sawa, nikaona niupumzishe mwili."

Babu hakukosa akili. Ameelewa neno kama tunavyolitumia: kilichoshuka kimeshuka. Ilikuwa haki yake kuambiwa siku ile ile kwamba presha imekaa sawa kwa sababu kidonge kiko mwilini, na kikitoka, presha itarudi pale pale. Dawa ya presha ni kama paa: mvua isipokunyeshea, huliezui. Wapo ambao daktari huwapunguzia dozi baada ya kupungua uzito na kubadili chakula, lakini hilo hufanywa kwa vipimo na polepole. Baadhi ya dawa, kama atenololi, zikikatwa ghafla moyo unaweza kupata mshtuko.

Dawa unazozikuta hapa ziko makundi machache. Amlodipini, miligramu 5 au 10, hulegeza mishipa. Inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu; si ugonjwa mpya, mwambie daktari apunguze dozi au abadili. Bendro (bendroflumethiazidi) na haidroklorothiazidi husaidia figo kutoa chumvi na maji. Losartani, kaptoprili na enalaprili huzuia homoni inayobana mishipa. Mbili za mwisho huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na wengi hutibiwa kifua miezi mitatu kabla ya mtu kuuliza wanatumia dawa gani ya presha. Midomo au ulimi ukivimba ghafla kwa dawa hizo, iache na kimbia hospitali.

Watu hushtuka wakiongezewa dawa ya pili, wakidhani hali imekuwa mbaya. Wengi wanahitaji mbili. Dawa ya pili kwa dozi ndogo hushusha presha kuliko kuongeza ile ya kwanza mara mbili, na madhara huwa machache. Utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake hushusha vizuri zaidi kuliko usiokuwa nayo.

Amlodipini huchukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake kamili. Kumeza viwili leo kwa sababu mashine imesema 170 hakusaidii leo, na kesho kutwa kunaweza kukuletea kizunguzungu. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ukikumbuka siku ya pili, meza kimoja tu. Na kuweka nifedipini ya haraka chini ya ulimi ili "kuishusha" ni mazoea ya kuachwa kabisa: presha ikianguka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu, na mtu hupata kiharusi kile kile alichokuwa anakikimbia.

Mwizi mwingine wa kazi ya kidonge ni dawa za maumivu. Mgongo unauma, goti linauma, unaingia duka la dawa na kutoka na diklofenaki au ibuprofeni. Hizi hubakiza chumvi, hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa zako na huumiza figo, hasa ukiwa unatumia losartani au enalaprili pamoja na bendro. Yapo maboksi yanayochanganya diklofenaki na parasetamoli, kwa hiyo soma maandishi madogo. Mwenye presha aombe parasetamoli peke yake, na aseme kabla ya kuuziwa: "Mimi nina presha."

Ratiba nayo ifuate maisha ya mtu. "Kunywa asubuhi" haimsaidii mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani jioni, akavua kwa taa usiku kucha na kulala mchana. Amlodipini aifunge na jambo asilolikosa, kwa mfano chakula cha kabla ya kupanda mtumbwi. Bendro aimeze akiamka mchana, kwani akiimeza anapoondoka itamsumbua kwa mkojo katikati ya maji, atachukia dawa na kuiacha. Siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi vizuri na taa, na wengi huwa nchi kavu. Hizo ndizo siku za kupima na kuchukua dawa za mwezi. Anayeishi visiwa vya Ukara, Kome au Maisome achukue dawa akiwa bado na akiba ya siku 7 nyumbani, kwa sababu upepo wa ziwa haujui tarehe ya kliniki.

Lengo la wengi ni chini ya 140 kwa 90. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, namba ya juu iwe chini ya 130. Mpaka lengo lifikiwe, kliniki ni kila mwezi. Baada ya hapo kila miezi 3 hadi 6. Mara moja kwa mwaka uliza kuhusu kipimo cha protini kwenye mkojo, kreatinini ya figo na sukari.

Mimba ni habari nyingine kabisa. Losartani, kaptoprili na enalaprili humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anayezitumia aende kubadilishiwa mara tu anapopanga mimba au kuhisi anayo, bila kuzikata na kukaa nyumbani. Zipo dawa salama, kama metildopa. Baada ya wiki 20, kichwa kikali, macho kuona nyota, uso kuvimba au maumivu chini ya mbavu za kulia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kifafa cha mimba hakingoji.

Siku ya hatari

Mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na hujisikii vibaya, kaa, tulia dakika 5, pima tena. Ikibaki hapo, muone mtoa huduma siku hiyo. Ishushwe kwa siku kadhaa, si kwa dakika.

Lakini kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kuvurugika, macho kufifia ghafla, degedege au kichwa kuuma kuliko ilivyowahi kuwa, hiyo ni dharura hata kama mashine haipo. Usimpe chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Usimpe asprini kwa kiharusi, kwa sababu hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na ukiwa umepasuka asprini itaongeza damu kuvuja. Mlaze kwa ubavu akiwa hajitambui. Angalia saa na uandike ni lini mara ya mwisho alionekana mzima. Daktari atauliza hilo kwanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kwa aliye kisiwani, anayemsindikiza apande boti na vitu vitatu mkononi: kadi ya kliniki, maboksi ya dawa anazotumia, na karatasi yenye saa hiyo.